Boneti Iwe Baridi

Jumamosi, Rustavi, saa moja asubuhi,
umande bado umelala juu ya vioo elfu.
Ndani ya soksi ya sufu, kiatu cha kushoto,
nina dola elfu tatu na mia mbili.
Nachechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba
anaoupenda.

Badri, mume wangu, anataka viti vya ngozi
na jina ambalo mashemeji watalitamka taratibu.
Mimi nataka mikanda mitano inayofunga,
nafasi ya kigari cha Nutsa,
na breki zitakazotii mteremko wa kwenda kwa mama mkwe
mwezi wa kwanza, barafu ikiwa imekaa barabarani
kama deni.

Anzor wa ghorofa ya pili, fundi treni mstaafu,
hakuweza kuja, mgongo umemshika.
Jana usiku alitupa neno moja tu:
"Boneti iwe baridi.
Anayewasha injini kabla hujafika
ana jambo hataki ulisikie."

Gari la kwanza ni la fedha, lanukia limau.
"Mwanamke mmoja tu, dada. Kanisani na kurudi."
Badri keshakaa, keshashika usukani,
uso umemrudia wa miaka kumi na tisa.
Nikainua zulia, chini ya kiti cha nyuma.
Matope. Makavu, laini kama unga,
ya mto nisioujua jina, huko ng'ambo,
uliopanda ndani, ukakaa, ukashuka
bila kulipa nauli.

La pili nililigusa boneti
kama nigusavyo paji la uso wa mtoto.
Lina homa.
Nikaaga.

La tatu, la nne, la sita:
sumaku ya friji niliyoivika kitambaa
inashika, inashika, halafu inaanguka.
Hapo si chuma tena, ni fila na rangi,
poda juu ya jeraha.
Kizuri chajiuza, ndiyo,
lakini hapa hata kibaya kimeogeshwa,
kimepakwa mafuta matairi,
kimetulia kikitungoja.

Saa saba. Badri hanisemeshi.
Tunakula mkate wa maharage tumesimama,
kila mtu na upande wake wa kutazama.

Mwisho wa safu, karibu na vyoo,
Toyota ya rangi ya chai iliyomwagika,
mlango mmoja wa buluu, haukuficha kitu.
Mwenyewe, Mzevinar, daktari wa ng'ombe,
viatu vya mpira hadi magotini.
"Lina matatizo manne," akasema kabla ya salamu.
"Hita inapiga kelele. Dirisha la nyuma halishuki.
Linakunywa oili, nusu lita kwa mwezi.
Na redio imeng'ang'ania kwaya."

Akanipa daftari. Mwandiko wa kalamu ya risasi:
oili. Breki za mbele. Oili.
Ndama wawili, Telavi, usiku. Oili.
Tairi. Vakhtang kazikwa.
Siku tatu baadaye: oili.

Niliweka kiganja juu ya boneti.
Baridi kama jiwe la kisimani.
Liliwaka mara ya pili.
"Na ile ya kwanza?"
"Ya kwanza linaamka. Ya pili linasimama. Kama mimi."

Alitaka elfu tatu na mia sita.
Nikavua kiatu mbele za watu,
nikahesabu noti zenye joto la unyayo,
nikafika mwisho, mwisho haukufika.

Ndipo Badri, kimya tangu limau,
akakohoa. "Mimi naweka vigae.
Kliniki yako ina sakafu gani?"
Alimtazama mikono, kwanza kiganja, kisha kucha,
kama atazamavyo kwato.
"Saruji," akasema. "Imepasuka."

Jioni tunarudi, kwaya inaimba isipoombwa,
mguu wangu wa kushoto unakanyaga sawasawa.
"Hita inapiga kelele," anasema Badri.
Namwambia: "Tuliambiwa."